Marinda Juu ya Mizani

Nesi Roxana aliajiriwa kupima uzito, hakuajiriwa kupima watu, na tofauti hiyo aliilinda kwa uaminifu mkubwa. Mizani yake ilisimama katikati ya korido ya zahanati, mahali ambapo kila aliyekuja kung'olewa jino, kudungwa sindano au kuleta mkojo kwenye kichupa alilazimika kupita. Ilikuwa na kioo chenye tarakimu nyekundu zilizoonekana hadi mlango wa barabarani. Asiyeona vizuri alisomewa na Nesi Roxana mwenyewe, kwa sauti.

"Tisini na tatu," alisoma. "Mama, tisini na tatu kamili. Shuka. Nani anafuata?"

Bi. Teófila Sirpa hakushuka. "Nesi, ningevua kwanza hizi sketi. Zina uzito wake."

Nesi alimtazama kuanzia kofia hadi pindo. Bi. Teófila alivaa kama wanawake wote wanaojiheshimu wa El Alto, mji ule wa juu milimani: sketi pana ya marinda, chini yake magagulo matatu, mabegani shali, na kichwani kofia nyeusi ya duara iliyokaa upande kidogo.

"Mama yangu," nesi alisema, "hilo ni hema. Tukianza kulifumua tutalala hapa. Umekuja na hema, umepimwa na hema. Shuka."

Foleni ilicheka. Haikucheka kwa ubaya. Foleni ya zahanati hucheka chochote, maana haina kazi nyingine. Lakini Bi. Teófila alikuwa na miaka hamsini na mbili, alikuwa amelea watoto watatu kwa uji na maandazi, na hakuna mtu aliyewahi kumwita hema mbele ya umma. Alishuka uso umekunjamana, mkono mmoja umebana tumbo.

Hapo tumboni ndipo palipokuwa na shida. Ngiri ilikuwa imetokeza juu ya kitovu, ukubwa wa yai, na kila aliponyanyua sufuria ya uji ilibidi airudishe ndani kwa ngumi, kama mtu anayesukuma paka ndani ya gunia. Daktari wa zahanati alimwambia wazi: siku utumbo utakaponaswa pale na kukataa kurudi, hapatakuwa na muda hata wa kutafuta gari. Timu ya wapasuaji ilikuja mara moja kwa mwaka, mwezi wa Septemba, ikapasua watu bure, kisha ikaondoka. Ila mtoa nusukaputi wao hakumpokea mtu mwenye ngiri aliyezidi kilo themanini na nne. Waliozidi walipewa miezi minne na programu yenye jina la kupendeza: Maisha Mepesi.

Masomo ya Maisha Mepesi yalifundishwa na Ximena, binti mtaalamu wa lishe aliyepanda kila Jumanne kutoka mitaa ya bondeni huko La Paz, ambako kuna joto na watu hukimbia barabarani asubuhi bila kufukuzwa na mtu. Wote walimwita dokta kwa sababu alivaa koti jeupe. Bi. Teófila alikagua viti kabla ya kukaa. Hapakuwa na mtu wa sokoni kwake. Akashusha pumzi.

"Asubuhi," Ximena alisoma kwenye karatasi, "mtindi usio na sukari na lozi kumi. Mchana, samoni wa kuoka."

"Samoni ndiyo nini, dokta?" aliuliza bibi mmoja wa mbele.

"Ni samaki. Wa baharini."

Chumba kilinyamaza kwa heshima, kama anapotajwa marehemu.

"Dokta," alisema yule bibi, "bahari yetu si tulinyang'anywa vitani na nchi jirani? Wairudishe kwanza, ndipo tule samaki wake."

"Na lozi nimeziona sokoni," alidakia Bi. Teófila. "Kwa bei ya kile kifuko, mimi nyumbani kwangu wanakula siku tatu na wanasaza."

Ximena aliitazama karatasi, akawatazama wanawake, akaona haya. Sifa yake apewe: aliikunja ile karatasi akaitia mfukoni. "Haya, nyosheni mikono," alisema. "Sahani yako iko hapo. Ngumi moja ya wanga. Kiganja kimoja cha nyama au samaki wa ziwani. Viganja viwili vilivyojaa vya mboga. Mafuta, ncha ya kidole gumba."

Bi. Teófila aliutazama mkono wake. Hili alilielewa. Mkono alikuwa nao, tena hauuzwi. "Ngumi moja ya viazi," alihesabu, "ngumi moja ya chunyo, ngumi moja ya wali."

"Ngumi moja ya vyote, mama. Viazi ni wanga, na chunyo si ni viazi vile vile mlivyovigandisha na kuvikausha? Na wali ni wanga."

"Vyote vitatu? Kwa pamoja?"

"Kwa pamoja."

Wanawake kumi na wanane waliipokea habari hiyo wakiwa wameinamisha vichwa. Kuna nchi ambazo zimepigana vita kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

*

Casimiro, mumewe, alipiga tuba katika bendi ya matarumbeta, na kwa miaka thelathini ya kupuliza alikuwa amebaki mwembamba kama kipini cha ufagio. Jioni ile alikaa mezani, akavuta sahani, akainama kuikagua kwa makini.

"Mama Jhoselin," alisema, "humu kuna bustani."

"Ni kabichi, karoti na maharage mabichi. Kula."

"Na viazi vimekwenda wapi?"

"Hicho hapo."

"Hicho hapo," Casimiro alirudia kwa binti yake, akikiinua kiazi kwa uma kama ushahidi mahakamani. "Jhoselin, umemsikia mama yako? Kiazi siku hizi kina umoja."

"Baba, mama anaumwa ngiri," alisema Jhoselin, msichana wa miaka kumi na sita aliyevaa suruali na kuongea kama mwanasheria. "Asipopungua hawampasui."

"Apungue yeye. Mimi nikipungua nitapulizwa na tuba."

"Mimi sipiki vyungu viwili," alisema Bi. Teófila. "Nimesimama tangu alfajiri. Anayetaka chungu cha pili, moto ule pale."

Casimiro alikula. Majani aliyoyasaza aliyabeba mwenyewe uani akawamwagia simbilisi, akazungumza nao kwa sauti ya kusikika ndani: "Kuleni, wenzangu. Tumekuwa kabila moja."

Wiki za kwanza zilikuwa za hasira tupu. Bi. Teófila alikuwa na banda la api kwenye kona ya soko, ule uji wa mahindi ya zambarau wenye mdalasini, unaonywewa wa moto na maandazi mapana ya jibini yanayofura kwenye mafuta kama shavu la mpiga tarumbeta. Kwa miaka ishirini alikuwa ameanza siku kwa andazi la kwanza na kuimaliza kwa la mwisho, na katikati aliyaonja mengine kwa ajili ya usalama wa wateja. Sasa alikaanga na kumeza mate. Aliwachukia watu kwa namna walivyotafuna. Alimchukia mwashi mmoja asiye na kosa kwa sababu alilamba sukari vidoleni. Usiku aliota anakula andazi, akaamka na hasira kwamba hata ndotoni lilikuwa la moto mno.

Lakini alishikilia. Soda iliyokaa mezani kwake kila mchana kama ndugu wa familia aliifukuza, akanywa maji na majani ya koka yaliyochemshwa. Alipika kinoa, nafaka ambayo mama yake aliilima na yeye kwa miaka mingi aliidharau kuwa chakula cha shamba. Alijifunza kutafuna hadi mwisho kabla ya kuchota tena, jambo ambalo mtu mwenye wateja kumi mbele yake huliona kama ulemavu. Alijifunza kutenga njaa ya tumbo na njaa ya mikono. Hiyo ya mikono ilikuwa kubwa zaidi, nayo ilitulia alipoipa kazi. Mwezi wa pili, siku moja akipanda ngazi za kituo cha kebo, yale magari yanayoning'inia juu ya mji, alifika juu akagundua kwamba hakusimama katikati kupumzika. Alirudi chini akazipanda tena, kwa makusudi, akiwa na sura ya mtu anayemkomoa adui.

*

Taabu ni kwamba sokoni watu wana macho.

"Casera," alisema yule mwashi asiye na kosa, kwa jina ambalo mteja na muuzaji huitana pale, "mbona siku hizi hunywi uji wako mwenyewe?"

"Nimekunywa nyumbani."

"Ah." Mwashi alichungulia ndani ya bilauri yake kwa muda. Aliimaliza, lakini hakuongeza.

Banda la pili lilikuwa la Bi. Genoveva Apaza, muuza mikate yenye nyama ya nguruwe, mwanamke mwenye upana wa kutosha kuziba mlango na sauti ya kutosha kuufungua. Huyo hakuchungulia bilauri. Alisema.

"Teófila, shoga yangu, unakwisha. Shali imekuwa kama imetundikwa msumarini. Ni mapafu?"

"Siumwi kitu."

"Binamu yangu naye alisema hivyo hivyo. Tulimzika na viatu vipya."

"Basi nenda kamsalimie."

"Mimi nakupenda, ndiyo maana nauliza. Watu ndio wanaosema. Wanasema mtu anayekohoa asishike chakula."

"Nimekohoa lini?"

"Hujakohoa," alikiri Genoveva. "Hilo ndilo linalowatia hofu. Wanasema unajizuia."

Angesema nini? Angesema ngiri, wangesikia uvimbe. Angesema uvimbe, wangesikia kaburi. Muuza chakula hana ruhusa ya kuwa na ugonjwa wowote, hata wa ukucha. Na pale mwanamke mpana ndiye mwenye biashara inayokwenda. Anayepungua ama anaumwa, ama anafilisika, ama mume anampiga. Bi. Teófila alipewa yote matatu. Kabla ya mwezi kwisha, nusu ya sufuria ilianza kurudi nyumbani.

Casimiro naye alirudi siku moja na tuba begani na uso mweusi kwa ghadhabu. "Leo kwenye harusi," alisema kabla hata hajaitua, "mpiga ngoma, yule mjinga, ameniuliza mbele ya bendi nzima: Casimiro, mkeo unamlisha nini, upepo wa tuba? Wamecheka mpaka bwana harusi. Mimi ninayekula majani yako!"

"Ulimjibu nini?"

"Ningemjibu nini? Nilipuliza."

"Ulipuliza." Bi. Teófila aliweka mwiko chini. "Mimi natembea na utumbo mkononi, na wewe unaniletea maneno ya mpiga ngoma. Siku nikianguka pale bandani mtapiga muziki gani? Niambie mapema nichague."

Casimiro aliona haya, na kama wanaume wengi walioona haya, alikimbilia kutengeneza kitu. Kesho yake alirudi na furushi kutoka kwa dada yake: sketi moja ya marinda ya mahameli, na magagulo manne mazito ya kufuma. Aliyatandaza kitandani.

"Vaa chini ya zako," alisema bila kumtazama. "Endelea na majani yako. Ila upana ubaki pale pale. Ni mpaka Septemba tu."

Jhoselin alipinga. Alisema ni ujinga, ni kujificha, ni mawazo ya kizamani. Bi. Teófila alimsikiliza mpaka mwisho akiwa amekwisha kuvaa la pili. Hasira ilikuwa imemkaba: amejinyima miezi mitatu, amepungua kwa jasho lake, na sasa alilazimika kuubeba tena uzito ule ule, safari hii wa kitambaa, ili watu wakubali kunywa uji. Lakini asubuhi iliyofuata alisimama bandani mpana kama zamani, na Genoveva akamzunguka mara moja kama anayenunua ng'ombe.

"Umepona," alitangaza, kwa masikitiko kidogo.

Yule mwashi alikunywa bilauri mbili.

*

Siku ya kupimwa mara ya mwisho Bi. Teófila alitoka moja kwa moja bandani. Hangeweza kupita mbele ya soko zima akiwa amepungua ghafla upana wa mlango, kwa hiyo alikwenda na kila kitu mwilini. Alikuwa amepanga. Angeomba chumba kile cha masomo, angevua, angepimwa, angevaa, na nani angejua?

Kumbe chumba kilikuwa na watu. Kutoka nyuma ya mlango uliofungwa zilisikika sauti za wafanyakazi wakiimba wimbo wa siku ya kuzaliwa.

"Nesi," alisema, "naomba chumba chenye mlango, nivue sketi."

"Chumba kinatumika. Panda."

Na katika foleni, wa tatu nyuma yake, alisimama Genoveva Apaza.

"Teófila? Unafanya nini hapa?"

"Nimekuja kung'oa jino. Wewe?"

"Namsindikiza shangazi," alisema Genoveva, akikunja karatasi fulani ndani ya kiganja. Hapakuwa na shangazi yeyote.

Bi. Teófila alimgeukia nesi tena, akashusha sauti. "Nesi, nisikilize. Leo nimevaa zaidi ya siku ile. Nyingi zaidi. Nisubiri tu watoke."

"Mlipimwa na nguo mwanzo, mnapimwa na nguo mwisho. Ndiyo utaratibu. Au unataka utaratibu wako peke yako?"

Bi. Teófila aliiacha mizani akaenda kuugonga mlango mwenyewe. Ulifunguliwa upana wa uso. Ulikuwa uso wa Ximena, na kofia ya karatasi juu yake.

"Dokta, nesi anataka kunipima na masketi yote, na mimi humu ndani..."

"Dakika moja tu, mama, nipulize mishumaa," alisema Ximena kwa upole kabisa, na mlango ukafungwa.

Alirudi. Alipanda. Tarakimu nyekundu zilikimbia, zikatulia.

"Themanini na tisa," alisoma Nesi Roxana, na kidole chake kikapiga kompyuta kabla sauti haijaisha. "Umeshindwa, mama. Nafasi inakwenda kwa anayefuata. Jaribu mwakani, na uache hayo maandazi. Nani anafuata?"

Miezi minne ilipita mbele ya macho ya Bi. Teófila: kabichi, ngazi za kebo, maji ya moto, usiku wa kuota maandazi. Alihisi ngiri ikisukuma, akaikandamiza. Mwakani. Utumbo wake usingesoma kalenda.

"Nimeshindwa," alisema taratibu.

"Shuka, mama, foleni ndefu."

Alishuka. Alivua shali, akaikunja, akaiweka juu ya meza ya nesi. Kisha alifungua kifundo kiunoni, na sketi ya juu, ya kijani, ikaanguka sakafuni kwa uzito wa kusikika. Mwanamke wa sketi za marinda hafungui kifundo hata mbele ya shemeji. Aliiokota, akaiweka juu ya shali.

"Mama, unafanya nini?"

"Nafumua hema."

Ikaja sketi ya pili, ya mahameli. Likaja gagulo la kwanza, la pili, la tatu. Rundo lilipanda juu ya meza, likafunika kalamu, likafunika simu, likaanza kumfunika nesi. Machozi yalimtoka Bi. Teófila, ila yalikuwa ya moto na hakuna aliyethubutu kuyaita ya huzuni.

"Hilo gagulo la kufuma," alisema Genoveva polepole, "si la wifi yako?"

"Ni lake. Na hili. Na hili pia. Nimeyavaa kwa ajili yenu, Genoveva. Nina ngiri. Niliambiwa nipungue, nikapungua, mkasema ninakufa. Basi nikajijaza vitambaa kama mto ili mpate raha ya kunywa uji. Umeridhika? Ungependa kushika?"

Genoveva alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza katika historia ya soko lile hakukutoka kitu.

Bi. Teófila alibaki na blauzi, gagulo moja jembamba la pamba na kofia. Alisimama mbele ya mizani.

"Na kofia," alisema nesi kutoka nyuma ya rundo, kwa mazoea tu.

"Kofia haitoki."

Alipanda nayo. Sabini na tisa. Safari hii hakuna aliyehitaji kusomewa.

"Hongera," alisema Nesi Roxana, na sauti yake ilikuwa imepungua kilo kadhaa. "Lakini kompyuta imekwisha kutuma. Haitumi mara mbili kwa mtu mmoja siku moja."

"Basi nitasubiri siku nyingine," alisema Bi. Teófila. "Hapa hapa juu."

Na hakushuka.

Watu wa El Alto hawafundishwi kufunga barabara. Serikali zimekuja na kuondoka, na kila moja imejifunza kwamba pale juu watu wakidhulumiwa hukaa chini katikati ya njia na kusubiri. Genoveva aliitazama mizani, akaitazama korido. Alikwenda hadi kwenye meza, akachukua lile rundo lote mikononi, akaanza kulitandaza sakafuni, sketi baada ya sketi, kutoka ukuta hadi ukuta. Kisha akaketi juu yake. Upana wake, uliokuwa ukisumbua kila mlango wa zahanati ile, ulipata kazi inayoustahili. Mwanamke wa nyuma yake aliketi. Wa nyuma yake naye akaketi.

"Na mimi je?" aliuliza mzee mmoja aliyenaswa katikati na kichupa cha mkojo mkononi.

"Kishikilie," Genoveva alimwambia.

Mlango wa chumba cha masomo ulifunguliwa. Alitoka Daktari Ergueta, mganga mkuu, na malai meupe ya keki kwenye masharubu.

"Hii ni nini? Mama, hapa ni mahali pa afya, si barabarani."

"Barabarani sijawahi kuvuliwa nguo, dokta."

Alielezwa. Alielezwa na wanawake saba kwa wakati mmoja, na nesi wa nane. Alizitazama tarakimu nyekundu, akautazama mguu wa Bi. Teófila uliokuwa unapigwa na baridi, akageuza macho kwa adabu.

"Tutalishughulikia. Andika barua, kamati itakutana."

"Nitawasubiri hapa. Waambie kamati waje na shali."

"Jamani, mpeni mama kipande cha keki, atulie."

Bi. Teófila aliitazama keki ile kupitia mlangoni. Ilikuwa ya tabaka mbili, na tangu Mei alikuwa hajagusa kitu kitamu.

"Nimekaa miezi minne nikila mnavyotaka," alisema, na hakupandisha sauti. "Nimewanyima watoto wangu viazi. Nimeuza maandazi nikiwa na njaa. Hamkunipa hata pazia. Sasa mnanipa keki. Piga simu, dokta."

Daktari Ergueta alitafuta mtu wa kumsaidia kwa macho. Wote aliowaona walikuwa wameketi. Mzee mwenye kichupa alisema kwamba, kwa upande wake, hawezi kuahidi chochote baada ya dakika tano.

Simu ilipigwa. Kompyuta, ambayo haitumi mara mbili, ilituma mara mbili. Daktari aliandika kwa mkono wake kwenye karatasi yenye muhuri, na Bi. Teófila alimtaka asome kwa sauti, kwa kuwa pale ndivyo uzito wa watu ulivyosomwa.

"Sirpa, Teófila. Kilo sabini na tisa. Upasuaji wa ngiri, tarehe kumi na saba Septemba, saa mbili asubuhi."

Alishuka. Alivaa gagulo moja na sketi yake ya kijani, basi. Genoveva alimshika mkono asiiname, akamfunga kifundo yeye mwenyewe, akikikaza kwa nguvu zisizohitajika.

"Ungeniambia," alinong'ona kwa hasira.

"Ungesema nakufa."

"Si nilisema bila kuambiwa?"

Wanawake wengine walikuwa bado chini.

"Sasa mnaweza kuinuka," alisema Daktari Ergueta.

"Bado sisi," alisema Genoveva, akaifungua karatasi iliyokunjwa kiganjani, ya kupimwa uzito yenye jina lake mwenyewe, akaiinua juu, kila mtu aione. "Mizani iingie ndani. Keki itoke nje."

Ikatoka. Nesi Roxana ndiye aliyeibeba.

Ximena alikuwa amesimama kando ya mlango, kofia ya karatasi mkononi, macho mekundu. Alimsogelea Bi. Teófila aliyekuwa akikunja sketi ya wifi yake.

"Mama," alisema, "sikujua. Kwa nini hukusema tu?"

Bi. Teófila alimaliza kukunja. Aliyarundika magagulo mikononi mwa binti yule, moja juu ya jingine, mpaka yakamfika kidevuni, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa haruhusiwi kubeba vizito.

"Nilisema," alimjibu. "Ulikuwa unapuliza mishumaa."